Kanuni Moja, Meza Nyingi

Mwaka 1975, katika fleti moja ya Bolingbroke Road, mtaa wa Shepherd's Bush, magharibi mwa London, vijana watatu walianzisha kampuni ndogo waliyoiita Games Workshop. Majina yao ni John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo zilizotengenezwa kwa mkono: backgammon, go, na mankala, ambayo ni ukoo wa michezo ya vishimo na kete ambao mtu wa Pwani anaujua kwa jina la bao. Mwaka huohuo wakapokea kutoka Marekani nakala chache za mchezo wa aina nyingine kabisa, usiohitaji ubao wala usio na mshindi. Jina lake ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Haukupita muda mrefu, mbao zikawekwa kando na mchezo ule mgeni ndio uliobeba biashara.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huo huchezwa hivi. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja wao ni msimulizi: yeye hueleza mahali, hali na hatari. Kila mmoja wa waliobaki humvaa mhusika wake, akasema anachotaka kufanya: kuvuka mto, kumbembeleza mlinzi, kuvunja mlango. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu hurushwa, na kitabu cha kanuni hueleza maana ya namba iliyotokea. Hadithi ni ya waliokaa mezani, lakini kipimo cha bahati na uwezo ni cha kitabu. Tunu na mgogoro wa michezo hii, inayoweza kuitwa michezo ya uhusika, vimo katika mgawanyo huo wa kazi.

Maana vitabu vya kanuni havikukaa kimoja. Mwaka 1978, ambao ndio mwaka Games Workshop walipofungua duka lao la kwanza huko Hammersmith, kampuni ya Kimarekani ya Chaosium ilitoa RuneQuest, uliopima uwezo wa mhusika kwa asilimia. Mwaka 1981 Chaosium hiyohiyo ikatoa Call of Cthulhu, ambamo akili ya mhusika huweza kuliwa na hofu hadi ikaisha. Mwaka 1982 Livingstone na Jackson wakaandika kitabu cha The Warlock of Firetop Mountain, kilichotolewa na Puffin, ambacho msomaji hukicheza peke yake akiwa na penseli na dadu mbili tu. Tangu hapo mifumo imeongezeka mwaka hadi mwaka. Mtu akiingia leo katika duka la michezo mjini London hukuta rafu nzima ya vitabu vinene, na kila kimoja kinamtaka ajifunze upya namna ya kuhesabu jeraha.

Ndipo linapozuka swali ambalo wachapishaji na wachezaji wamelibishania kwa muda mrefu: kwa nini wasikubaliane mfumo mmoja wa kanuni, kisha kila mchapishaji akashindana na wenzake kwa uzuri wa hadithi na ulimwengu aliouumba?

London ni mji unaofaa kuulizia swali hili, kwa kuwa uliwahi kulijibu katika uwanja mwingine. Tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa klabu kadhaa za mji huo na viunga vyake walikutana katika Freemasons' Tavern, Great Queen Street, wakaunda chama cha mpira kilichoitwa Football Association. Hadi siku hiyo kila shule na kila klabu ilikuwa na mpira wake. Wengine waliruhusu kuudaka na kukimbia nao, wengine waliruhusu kumpiga mpinzani teke la muundi. Timu mbili zilipokutana, ilibidi kwanza zibishane kuhusu mchezo unaochezwa. Hadi kufikia Desemba kanuni zilikuwa zimeandikwa, na klabu ya Blackheath ikajitoa kwa kuwa ilitaka mateke yale yabaki. Sheffield nao walikuwa na kanuni zao tangu 1858, wala hawakuziacha mara moja. Walijiunga na zile za London mwaka 1877, baada ya kila upande kuuachia mwingine kitu. Kona, ambayo leo hupigwa Kirumba kama inavyopigwa Wembley, ilitoka Sheffield.

Mfano huo una nguvu, lakini una mpaka wake. Timu ya Sheffield na ya London zilihitaji kanuni moja kwa sababu zilitaka kukutana uwanjani. Meza mbili za michezo ya uhusika hazina haja ya kukutana. Watu wa Peckham wanaweza kucheza hadithi yao kwa miaka kumi bila kujua watu wa Ilford wanatumia kanuni gani, na hakuna atakayepungukiwa. Kwa hiyo hoja ya kanuni za pamoja katika michezo hii haitokani na ushindani. Inatokana na jambo la kawaida zaidi, nalo ni uchovu wa watu na udogo wa soko.

Uchovu kwanza. Wanaocheza wengi wao ni watu wenye kazi. Hukutana jioni moja kwa wiki, wakitoka ofisini, hospitalini au ghalani, na wana saa tatu kabla ya kuwahi treni. Kuwaambia wasome kurasa 300 za kanuni kabla ya kuonja hadithi mpya ni kuwafukuza. Mtu akishajua mfumo mmoja huupenda kama anavyoipenda njia ya kwenda nyumbani: si kwamba ni bora, ila haimlazimu kufikiri. Soko nalo huufuata uchovu huo. Mwandishi mpya mwenye ulimwengu mzuri na mfumo wake mwenyewe anauza vitu viwili kwa pamoja, na kile cha pili ndicho kinachomzuia mnunuzi asikione cha kwanza.

Mwaka 2000 ilionekana kana kwamba jibu limepatikana. Wizards of the Coast, kampuni ya Marekani iliyokuwa imeununua Dungeons & Dragons miaka mitatu kabla, ilitoa toleo la tatu la mchezo huo pamoja na leseni iliyojulikana kwa herufi OGL. Leseni hiyo ilimruhusu mtu yeyote, bila malipo, kuchukua kiini cha kanuni, yaani dadu yenye nyuso 20 na mahesabu yanayoizunguka, na kuchapisha vitabu vyake juu ya msingi huo. Wachapishaji wadogo wakamiminika. Miongoni mwa vitabu vilivyoingia kwa mlango huo ni Nyambe, kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002, ambacho ulimwengu wake umesukwa kwa nyuzi za visasili vya Afrika. Bila kanuni zinazojulikana tayari, kitabu cha namna hiyo kingepata tabu kumfikia mnunuzi wa wakati ule. Huo ni ushahidi halisi upande wa wanaotaka mfumo wa pamoja, na haufai kupuuzwa.

Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 2008, toleo la nne lilipokuja na leseni yenye masharti makali zaidi, kampuni ya Paizo ilikataa kuifuata. Ikaishikilia leseni ya zamani, na mwaka 2009 ikatoa mchezo wake wa Pathfinder kwa kanuni zilezile za toleo la tatu. Mwezi Januari 2023 kishindo kikawa kikubwa zaidi. Rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilikusudia kuifuta idhini ya zamani, na kuwatoza mrabaha wachapishaji ambao mapato yao yangezidi dola 750,000 kwa mwaka. Watu waliojenga nyumba zao juu ya kiwanja hicho kwa zaidi ya miaka 20, London wakiwamo, waliamka na kukuta mwenye kiwanja anauliza habari ya kodi. Ghadhabu ya wachezaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma. Kiini cha kanuni za toleo la tano kikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo aliyeitoa hawezi kuirudisha mfukoni. Kabla ya hapo Paizo walikwishatangaza kwamba wataandaa leseni nyingine ya pamoja, isiyokuwa mali ya mchapishaji yeyote.

Funzo la Januari ile halikuhusu dadu. Lilihusu mwenye ufunguo. Kwa miaka 20 wachapishaji walizungumza juu ya mfumo wa pamoja ilhali walichokuwa nacho kilikuwa mfumo wa mtu mmoja, uliokuwa wazi kwa hisani yake. Tofauti kati ya viwili hivyo haionekani mpaka siku hisani inapokwisha.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa lugha yake yenyewe imepitia mlango unaofanana. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha pamoja katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo hayo, na katibu wake wa kwanza akawa Frederick Johnson. Sababu zilizotolewa zinafanana mno na zile za wachapishaji wa michezo: gharama ya vitabu, udogo wa soko, taabu ya mwanafunzi anayekutana na tahajia tatu za neno moja. Kamati ilisawazisha maandishi, na vitabu vya shule vilipelekwa kwake ili vipate idhini. Faida yake haikanushiki. Ni kwa sababu ya kazi ile kwamba mwandishi wa Dodoma anasomwa Nakuru leo bila mkalimani.

Gharama yake nayo haikanushiki. Kimvita na Kiamu, ambazo zilibeba ushairi wa karne nyingi, zilijikuta zikiitwa lahaja mbele ya ndugu yao aliyepewa muhuri. Wenye lugha hawakuwa wengi katika meza ile ya maamuzi. Wengi walikuwa maofisa na wamisionari. Shihabuddin Chiraghdin alilalamika juu ya hilo, na washairi wa Mombasa walijibu kwa kutunga kana kwamba muhuri haukuwapo. Abdilatif Abdalla aliiandika Sauti ya Dhiki gerezani, kati ya 1969 na 1972, katika Kiswahili cha kwao Mombasa. Miaka michache baadaye alikuwa London, akitangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo lugha yake ya kila siku ilikuwa ile iliyosanifiwa. Mtu mmoja aliishi na kanuni mbili: moja ya kuwafikia wote, nyingine ya kusema kisichosemeka kwa ile ya kwanza. Hakuna aliyemlazimisha achague, na fasihi ya Kiswahili ina utajiri zaidi kwa hilo.

Hapa ndipo hoja dhidi ya mfumo mmoja inapopata uzito wake wote. Kanuni si chombo kitupu. Kila mfumo una macho yake: unaona mambo fulani na kuyapima, na yale usiyoyaona huyaacha yapite kama hayakutokea. Katika matoleo ya mwanzo ya Dungeons & Dragons, mhusika alipanda ngazi kwa kiasi kikubwa kutokana na dhahabu aliyoitoa pangoni. Uhai wake ulipimwa kwa pointi zinazopungua kwa kila pigo la upanga. Ni kanuni safi kwa hadithi ya wavamizi wa mapango. Lakini ipelekwe kwa Fumo Liyongo.

Liyongo anafungwa, na watu wanataka auawe. Mama yake anamtumia mkate wa wishwa ambao ndani yake mna tupa, kwa kuwa anajua walinzi watakula mkate wa unga mzuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Usiku watu wanacheza gungu nje. Kwa kelele ya ngoma na nyimbo, ambazo Liyongo mwenyewe amewafundisha, sauti ya tupa ikikata pingu haisikiki. Baadaye anakufa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, kwa kuwa hakuna kitu kingine kiwezacho kumuua, na mwenye kuichoma ni mwanawe, aliyeahidiwa ndoa na cheo. Hata akiwa amekufa, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu hawathubutu kwenda kuteka maji.

Pointi za uhai zifanye nini katika kisa hiki? Kutoroka kwake hakukuletwa na nguvu ya mkono. Kuliletwa na mama anayeijua dharau ya walinzi, na mshairi anayejua kwamba wimbo unaweza kuficha. Kifo chake hakikuletwa na pigo kubwa kuliko mengine. Kililetwa na siri iliyotoka kinywani kwa sababu aliyeuliza ni mtoto. Mchezo unaotaka kuubeba ulimwengu wa Liyongo unahitaji kanuni ya siri na kanuni ya jamaa: nani anajua nini juu yako, na undugu una bei gani unapouzwa. Mwandishi akiubandika ulimwengu huo juu ya mfumo wa mapango, wachezaji watapata majina ya Pwani, mavazi ya Pwani na bahari ya Pwani, kisha watafanya mezani yaleyale waliyoyafanya wiki iliyopita: watapigana na kukusanya dhahabu.

Je, hilo lamaanisha kila mtu ajitengenezee chake na kukaa nacho? Historia ya michezo hii inaonyesha njia ya tatu. Mwaka 1980 Chaosium walikitoa kiini cha RuneQuest kama kijitabu kidogo kinachojitegemea. Kwenye shina hilo waliotesha matawi yasiyofanana hata kidogo: mashujaa na miungu upande mmoja, hofu na wazimu upande mwingine. Modiphius, mchapishaji wa London, ana mfumo unaorusha dadu mbili za nyuso 20, na ameutumia kwa michezo ya malimwengu mengi ya watu wengine. Katika mchezo wa Dune, uliotoka mwaka 2021, msukumo wa mhusika hupimwa kwa mambo matano: wajibu, imani, haki, nguvu na ukweli. Mchezaji hahesabu misuli yake tu. Husema anatenda kwa ajili ya nini. Aliyewahi kucheza mchezo mwingine wa Modiphius hutambua namna ya kurusha dadu mara moja, lakini swali linaloulizwa na dadu hizo ni jipya. Uchovu wake umehurumiwa, na hadithi haikuporwa.

Njia hiyo ina mwenzake wa zamani zaidi katika bao. Bao la Kiswahili lina vishimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi. Kuna hatua ya namua, kisha ya mtaji. Kuna kichwa na kimbi. Kuna kula na kutakata. Mtu wa Unguja akikaa barazani na mgeni wataelewana, na pale kawaida zao zinapotofautiana watakubaliana kabla ya kete ya kwanza kushuka. Hakuna kampuni iliyoitoa kanuni hiyo, kwa hiyo hakuna iwezayo kuifuta. Inashikiliwa na wanaoicheza, na mafundi wake huheshimiwa kwa ustadi wao pasipo kuimiliki. Kwa muda mrefu kabla ya wanasheria kuandika leseni isiyoweza kufutwa, vibaraza vya Pwani vilikuwa vikiishi ndani ya kitu kilekile.

Kwa hiyo jibu la swali la wachapishaji linaweza kutolewa kwa sehemu mbili. Yale yanayomsaidia mgeni kuketi mezani, yaani namna ya kurusha dadu, namna ya kusoma ukurasa wa mhusika, istilahi za msingi, yafaa kushirikiwa, na yashirikiwe kwa leseni ambayo hakuna atakayeamka asubuhi na kuifuta. Yale yanayoamua kitu gani ni cha thamani ndani ya hadithi yabaki mikononi mwa kila mtunzi. Anayeyakodisha hayo kwa sababu ya soko atakuwa ameuza nusu ya kitabu chake kabla hajakiandika.

Kwa Waswahili wa London na kwingineko, jambo hili lina kazi ya kufanywa. Tangu Januari 2023 yeyote anaruhusiwa kuitafsiri kwa Kiswahili sehemu ile ya kanuni za toleo la tano iliyoachwa huru, takriban kurasa 400, bila kuomba idhini, mradi tu ataje chanzo. Ruhusa hiyo haikuwa thabiti kiasi hicho hapo awali. Tafsiri hiyo ingewapa vijana waliozaliwa Barking na Wembley, ambao Kiswahili chao ni cha jikoni na cha simu za bibi, sababu ya kukitumia kwa saa tatu mfululizo: kubembeleza, kutishia, kula njama, kuapa. Ingezua pia mabishano yenye faida. Wa Lamu na wa Bujumbura wataiitaje hatua ya kuepuka sumu? Nani ataamua, na kwa muhuri gani?

Mabishano hayo yatakwenda vizuri zaidi ikiwa tafsiri itafuatwa na kazi ya pili, iliyo ngumu kuliko ya kwanza: kuandika, juu ya shina hilo la pamoja au kando yake, kurasa ambazo hazimo katika zile 400. Ukurasa wa siri, na nani anazijua. Ukurasa wa deni la heshima na jinsi linavyolipwa. Ukurasa wa wimbo unaoimbwa kwa sauti kubwa ili jambo lingine lisisikike. Hizo hakuna mchapishaji wa kuziandika kwa niaba ya wenyewe, wala leseni ya kuzingojea.